Sekunde Nane Bila Filta



Nimekaa kimya muda mrefu, na leo nitawaambia kwa nini. Ninachowashirikisha kinahusu picha, na kinahusu uongo. Kama picha yako ya profaili na sura yako ya asubuhi hazijuani, vuta kiti ukae. Hii ni yetu sote.

Mbuzi wa Misa ya shukrani

Mimi ni binti wa Mbinga, mkoa wa Ruvuma, mtoto wa tatu wa mama mkulima wa kahawa. Nilikuja Marekani kwa ile bahati nasibu ya grin kadi, nikafikia jimbo la Ohio, nikaanza masomo ya uuguzi huku usiku nafanya kazi ya kutunza wazee. Mwaka wa kwanza ulikwenda. Mwaka wa pili nikafeli anatomia. Nikarudia, nikafeli tena. Kwa utaratibu wa kozi ile, ukifeli mara mbili unatoka. Nikatoka. Sikuonewa na mtu. Nilikuwa nasinzia darasani, basi.

Sasa jamani, kufeli siyo dhambi. Dhambi ilianza jioni ile mama alipopiga simu na kuuliza, "Mwanangu, mtihani umekwendaje?" nami nikajibu, "Salama, Mama. Tumshukuru Mungu." Yaani hata Mungu nikamwingiza.

Uongo ukishazaliwa unataka kulishwa kila siku kama mtoto mchanga. Mimi niliulisha kwa picha. Siku yangu ya mapumziko napita chuoni, nasimama mbele ya maktaba na vitabu kifuani, najipiga picha, halafu filta inafanya kazi yake: ngozi inalainika, rangi inapanda kidogo, weusi wa uchovu chini ya macho unafutika. Natuma nyumbani. Mama anakwenda nazo kwenye Jumuiya, simu inazunguka mkono kwa mkono. "Muuguzi wetu huyo." Akipiga simu ya video namwambia mtandao unasumbua. Mtandao wa Marekani!

Ikafika hatua mama akaniambia ametenga mbuzi. Mwezi wa tano nikimaliza, atatoa Misa ya shukrani parokiani, kisha Jumuiya nzima ile nyama. Mbuzi mwenyewe akanitumia picha yake. Nilicheka, nikaweka simu chini, nikaenda bafuni nikalia.

Kanisani nilikuwa nakwenda. Ila wakati wa Komunyo nabaki kwenye benchi, nimeinamisha kichwa kama mtu anayesali sana. Kuungama nako nilikuwa naahirisha: wiki hii nimechoka, wiki ijayo foleni ndefu, Kwaresima nitaenda. Miezi 14 ikapita hivyo.

Picha ya bati isiyo na bati

Kati ya wazee niliokuwa nawahudumia alikuwapo bibi mmoja, Mmarekani mweusi, miaka 90 na ushee. Tumwite Bibi tu. Juu ya kabati lake kulikuwa na kipande cha chuma chembamba, kidogo kuliko kiganja, na juu yake sura ya kijana aliyevaa koti la jeshi. Mwanzoni nilidhani ni picha ya karatasi iliyobandikwa. Bibi akaniambia hapana, picha yenyewe imekaa juu ya chuma. Alikuwa babu wa mama yake, askari katika ile Vita ya Wenyewe kwa Wenyewe ya Marekani ya mwaka 1861 hadi 1865. Katika vita ile watu weusi takriban 180,000 walijiunga na jeshi la upande wa Kaskazini, wengi wao wakiwa wametoka utumwani.

Picha za namna hiyo huitwa tintaipu, yaani kama kusema picha ya bati. Jina linadanganya. Bati hakuna, ni chuma kilichopakwa rangi nyeusi inayong'aa. Njia ya msingi, ile ya kupiga picha kwa kolodioni mbichi, ilitangazwa na Mwingereza Frederick Scott Archer mwaka 1851. Hakuidai kuwa mali yake, aliiacha itumiwe na wote, akafa maskini mwaka 1857. Mwaka 1853 Mfaransa Adolphe-Alexandre Martin akaeleza namna ya kuweka picha hiyo juu ya chuma. Mwaka 1856 Hamilton Smith akapata hataza yake Marekani. Huyu alikuwa profesa katika Chuo cha Kenyon, hapa hapa Ohio (jina lisikuchanganye, hakihusiani na Kenya).

Picha hizi zilikuwa za bei nafuu na hazikuvunjika kama zile za kioo, kwa hiyo askari aliweza kupiga asubuhi na kuiweka kwenye bahasha kumpelekea mama yake. Hebu fikiri uzito wake. Hakuna nakala wala mkanda wa kusafishia nyingine. Chuma kile kile kilichokuwa ndani ya kamera mbele ya uso wa kijana ndicho mama alichokishika mkononi. Wengine hawakurudi, kikarudi kile kipande tu.

Na kwa mtu mweusi wa wakati ule, kupigwa picha ukiwa umekaa wima na nguo zako safi lilikuwa jambo kubwa. Magazeti na mabango yalikuwa yakiwachora watu weusi kwa dhihaka. Frederick Douglass, aliyetoroka utumwani akawa mpigania uhuru mashuhuri, alipigwa picha mara nyingi kuliko Mmarekani yeyote wa karne ya 19 anayejulikana, na alifanya hivyo kwa makusudi. Alitaka watu waone uso wa kweli wa mtu mweusi, wauache ule wa kuchorwa.

Mimi nikiwa pale na simu yangu iliyojaa sura za kuchora. Nilinyamaza, nikaendelea kumfunga Bibi vifungo.

Kaa, binti

Bibi alikuwa na mjukuu anayepiga tintaipu mpaka leo. Jumapili moja alasiri alikuja na gari lake akaegesha uwanjani, akasimamisha hema jeusi la kuwa chumba cha giza, akaomba ruhusa awapige wazee picha. Mimi nikapangiwa kusaidia, na hivyo nikaiona kazi yote kwa macho yangu.

Anachukua kipande cha chuma chepesi kilichopakwa rangi nyeusi. Anamimina juu yake kolodioni, dawa nzito kama uji mwepesi, inayonuka spiriti na etha. Anakiinamisha kona hii na ile mpaka ienee, inayobaki anairudisha chupani. Kikiwa bado kinanata anaingia hemani na kukizamisha kwenye maji yenye chumvi ya madini ya fedha, dakika tatu au nne. Ikitoka hapo ile sahani inaogopa mwanga. Anaifungia kwenye kikasha, anakimbia kwenye kamera, anafungua lenzi, anahesabu, anaifunga, anarudi hemani mbio. Maana kila kitu lazima kiishe sahani ikiwa mbichi. Ikikauka, imekwisha, unaanza upya. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kabisa kwa ile dawa ya fedha. Akaniambia haitoki kwa sabuni, inangoja ngozi ijibadilishe yenyewe.

Wazee tukawapiga mmoja mmoja. Kazi yangu ilikuwa kuwakalisha na kuweka ule mhimili wa chuma nyuma ya kichwa, ambao kwenye picha hauonekani, ili shingo isitikisike. Sahani ya mwisho ilipobaki, Bibi akaninyooshea kidole. "Na wewe kaa, binti."

Nikakataa. Nikasema nimetoka zamu ya usiku, sijajiandaa, nywele hazijasukwa. Bibi akasema, "Nani kakuuliza habari za nywele?" Basi nikakaa.

Mjukuu akanieleza mapema, kwa upole, kwamba dawa hii haioni kama jicho linavyoona. Inaona zaidi mwanga wa buluu, nyekundu na manjano haizioni vizuri. Kwa hiyo ngozi ya kahawia hutoka nyeusi zaidi, na mabaka ya jua ambayo hata kwenye kioo huyaoni yanatokea yote. "Nitakuongezea muda," akasema. "Sekunde nane. Usitabasamu, tabasamu halishikiki muda wote huo. Tulia tu, tazama lenzi."

Sekunde nane ni chache? Jaribu. Sekunde ya kwanza na ya pili nilikuwa bado natengeneza ule uso wangu wa picha. Ya tatu mashavu yakaanza kuchoka. Ya nne uso ukaniponyoka, ukabaki ule ninaokuwa nao nikiwa peke yangu. Kuanzia hapo sikuwa na la kufanya ila kutazamwa. Nikajikuta nasema moyoni, "Yesu, nimechoka." Hiyo ndiyo sala ya kweli niliyokuwa nimesali kwa miezi mingi.

Hemani, kwenye mwanga mwekundu, akamimina dawa ya kusafishia, akahesabu, akaosha kwa maji. Ikatokea sura ya ajabu: ya buluu na kijivu, uso kama umevaa ukungu. Akaitumbukiza kwenye beseni la dawa ya kukazia, tukatoka nayo nje. "Tazama sasa." Ule ukungu ukaanza kuyeyuka kutoka kingo kuja katikati, na uso wangu ukapanda kutoka kwenye weusi polepole, macho kwanza.

Sikuupenda. Nilikuwa mweusi kuliko nilivyojidhania, nina mabaka kwenye paji, chini ya macho kumeingia ndani. Nikamwonyesha Bibi nikitegemea atanifariji. Akaivuta karibu, akaitazama muda mrefu, akasema, "Ndiye huyu. Huyu ndiye anayekuja kunigeuza saa tisa usiku."

Wapendwa, mimi nilikuwa nikijitazama nione kama ni mzuri. Bibi alikuwa anamtafuta mtu anayemjua, akamwona.

Tujifunze nini?

Nimekuwa nikikaa na picha ile mbele ya Ekaristi, na kuna mambo matatu naona Bwana alinifundisha.

*La kwanza: kukubali kutazamwa.* Kitabu cha Mwanzo (1:27) kinatufundisha kwamba mtu aliumbwa kwa mfano wa Mungu. Wewe kabla hujapiga picha yoyote, tayari ni picha. Wapo kati yetu wanaopaka mkorogo mpaka ngozi inaungua, wapo wasioweza kutuma sura yao bila filta. Siwacheki, nilikuwa huko. Ila tuulizane: kama mimi ni mfano wa Mungu, ninapofuta uso wangu namrekebisha nani? Kuabudu Ekaristi ni kukaa mbele ya Yeye anayekutazama mpaka ule uso wa kutengeneza uchoke wenyewe. Dakika tano za kwanza utakuwa unaigiza hata mbele za Mungu, kwa sala nzuri nzuri. Usiondoke. Kaa mpaka ufike ile sekunde ya nne.

*La pili: fanya ikiwa mbichi.* Mpiga picha wa tintaipu hana "nitasafisha kesho". Dhamiri nayo iko hivyo. Siku ile ya simu ya kwanza moyo wangu ulikuwa mbichi, uliuma. Ningeweza kumpigia mama dakika kumi baadaye na kusema, "Mama, nimekudanganya, nimefeli." Ingekuwa aibu ya jioni moja. Nikaacha ikauke, na ilipokauka nikahitaji picha mpya, na uongo mpya, na mbuzi akaingia. Ukisikia moyo unakuchoma leo, usiseme Kwaresima. Tuna heri moja tu kuliko ile sahani: kwa Mungu hata moyo uliokauka hautupwi, anaweza kuulowanisha tena. Lakini kwa nini usubiri mpaka hapo?

*La tatu: weusi wa chini hauondolewi, unaangaziwa.* Hili lilinishangaza kuliko yote. Kwenye tintaipu hakuna rangi nyeupe. Sehemu zote zenye nuru ni chembechembe za madini ya fedha, na sehemu zote zenye giza ni ule weusi wa chuma unaoonekana katikati yake. Fedha ile ile ukiiweka juu ya kioo kitupu na kukiinua kwenye mwanga, sura inageuka, nuru inakuwa giza. Inahitaji weusi nyuma yake ndipo uso usomeke.

Nisieleweke vibaya: sisemi dhambi ni kitu kizuri wala kwamba Mungu anaihitaji. Nasema Mungu haogopi kuja mahali palipo na giza. Kila usiku wa Pasaka Kanisa huthubutu kuimba katika Mbiu ya Pasaka kwamba kosa lile la kale limetupatia Mkombozi mkubwa namna hii. Mimi nilidhani nikishajisafisha ndipo nitaenda kwake. Kumbe nilipaswa kumpelekea chuma changu cheusi kama kilivyo.

Na ile dawa ya kukazia je? Kazi yake ni kuondoa ile fedha ambayo mwanga haukuigusa, maana ikibaki inaleta ukungu na sura haisomeki. Dawa yenyewe ni kali. Wapiga picha wa karne ya 19 mara nyingi walitumia sianidi, sumu kabisa. Neno kali la kweli linafanana na hilo. Linakuondolea usichokuwa wewe. Nabii Malaki (3:3) anamlinganisha Bwana na fundi anayeketi kusafisha fedha. Anaketi, hana haraka, na hamwachi mtu njiani.

Hata picha ya kweli haikumalizi

Hapa ningependa kuongeza tahadhari, tusije tukahama kutoka kuabudu filta tukaanza kuabudu picha ya kale.

Tintaipu nayo ina kasoro yake: inageuza. Kulia kunakuwa kushoto, kama kwenye kioo. Yule askari wa Bibi vifungo vyake viko upande usio wake. Kuna jambazi mmoja maarufu wa Marekani, Billy the Kid, ambaye tintaipu yake ilimwonyesha bastola ikiwa kiunoni upande wa kushoto. Watu wakaamini kwa miaka mingi kwamba alitumia mkono wa kushoto, hata filamu ikatengenezwa mwaka 1958 yenye jina la namna hiyo. Baadaye wakaitazama bunduki aliyoishika, wakaona tundu la kuingizia risasi liko upande ambao kiwanda hakikuliweka. Kumbe picha nzima imegeuka! Picha haikuongezwa wala kupunguzwa kitu, na bado ilipotosha.

Na upande wetu, mwangalieni Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu. Dada yake Céline alipoingia monasteri ya Lisieux mwaka 1894 aliingia na kamera, ndiyo maana tuna picha nyingi za Teresa, hata moja akiwa anafua na wenzake. Zile zilipigwa kwa sahani za kioo za teknolojia ya baadaye, lakini nazo zilidai utulie sekunde kadhaa. Baada ya kifo chake mwaka 1897, Céline mwenyewe, kwa mapendo kabisa, akazilainisha na kuzichora upya ili dada yake aonekane mtamu zaidi. Sura hizo ndizo zilizoenea duniani. Picha zenyewe bila kuguswa zilichapishwa mwaka 1961, na watu wakaona uso wenye nguvu, kidevu kigumu, macho ya mtu aliyepigana vita. Hata mtakatifu aliwekewa filta, tena na dada yake aliyempenda! Na uso wa kweli ndio uliokuwa na habari njema zaidi.

Kwa hiyo Mtume Paulo ana haki (1 Kor 13:12) anapotufundisha kwamba kwa sasa tunaona kama kwenye kioo hafifu, uso kwa uso ni baadaye. Na Samweli aliambiwa mapema (1 Sam 16:7) kwamba macho ya mtu huishia nje, Bwana huona moyo. Simu hainijui, tintaipu hainijui, hata mimi sijijui vizuri. Yupo mmoja anijuaye, na anijuaye ndiye anipendaye.

Mbuzi alivyoishia

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kuungama. Sikuwa na maneno ya kupanga. Nilipomaliza, padre akaniuliza swali moja tu, "Mama yako anajua?" Nikasema hapana. Sitaeleza zaidi ya hapo, ila nilitoka pale nikijua nani wa kumpigia.

Nyumbani ilikuwa usiku. Nikapiga simu ya video, bila filta, nimekaa jikoni na sare yangu ya kazi. Mama akashtuka, akasema, "Mtandao umepona leo?" Nikamwambia yote, kuanzia anatomia mpaka maktaba. Akanyamaza. Nikamsikia anavua miwani na kuiweka mezani. Nilihesabu, na zilizidi sekunde nane.

Kisha akasema, "Mbuzi atarudi kwa wenzake. Wewe umekula?"

Nikashindwa kujibu, jamani.

Sitawadanganya kwamba mambo yalinyooka siku hiyo. Mama aliumia, na kwa wiki mbili sauti yake ilikuwa fupi. Kwenye Jumuiya alisimama mwenyewe akasema binti yake hakumaliza, na wapo waliosema ya kusema. Baba mdogo mpaka leo salamu zake kwangu ni za kukata. Nimeanza tena kozi moja moja jioni, na anatomia bado inanitoa jasho. Bibi amekwisha kutangulia mbele za haki, Bwana ampe pumziko la milele. Asubuhi aliyofariki ni mimi niliyekuwa zamu.

Ile tintaipu niliipiga picha kwa simu nikamtumia mama. Akaenda stesheneri akaichapisha, ameiweka sebuleni chini ya msalaba. Nilimwuliza kwa nini hakuweka zile nzuri za maktaba. Akasema, "Zile sikuwa namjua aliyemo. Huyu namjua, ana macho ya marehemu baba yako."

Na Jumapili, padre anaposema "Mwili wa Kristo", sasa naitikia "Amina" nikiwa nimeinua uso.

Kazi ya wiki hii

1. Kaa mbele ya Ekaristi, au mbele ya msalaba chumbani kwako, dakika 15 bila simu. Usiombe kitu. Kubali kutazamwa.
2. Tafuta moyoni: kuna nani ambaye wewe humtumia picha badala ya ukweli? Andika jina lake.
3. Nenda ukaungame wiki hii, ikiwa mbichi. Kisha mpigie huyo mtu.

Tusali

Ee Bwana Yesu, uliyeacha uso wako upigwe na kutemewa mate bila kuuficha, tunakuletea nyuso zetu. Tumezipaka, tumezifuta, tumeziuza ili tupendwe. Tutulize mbele yako mpaka tuchoke kuigiza. Angaza weusi wetu kwa nuru yako, utuondolee kwa neno lako lolote lisilo letu, ili siku tutakapokuona uso kwa uso ututambue kuwa ni wako. Uwape nguvu wazazi wetu wanaosubiri simu ya kweli. Amina.

Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu, utuombee.
Bikira Maria, Mama wa wakosefu, utuombee.

Tumsifu Yesu Kristo. Milele, amina.